Mukwe Aliyekataa Viwavi

Kasongo nzima hakuna mutu aliyependa viwavi kumshinda Magloire, fundi wa velo wa karibu na soko. Sikudanganyi. Wengine hula viwavi ili fufu ishuke. Yeye alikula fufu ili apate sababu ya viwavi. Msimu ukifika, mwenye baiskeli mbovu alisubiri mpaka sahani iishe, hata kama alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Kisha ikaja projeti. Mkuu wa mradi huo, Ruphin, kijana wa Bukavu mwenye roho nzuri, alikuwa ametumwa kuwashawishi watu wa Kasongo wakubali kula wadudu. Haya, nicheke au nilie? Umeona wapi mutu akitumwa kwa wavuvi wa Lualaba kuwashawishi waanze kula samaki? Akakusanya watu, akauliza nani hapa hawezi kula kiwavi. Hakuna mkono uliopanda. Bibi mmoja akauliza vitagawiwa saa ngapi.

Ruphin akaketi kwenye benchi, amenyong'onyea. Wakubwa wake walitaka watu wakatae kwanza, ndipo washawishiwe, ndipo wakubali. Bila wakataaji projeti inafungwa, na yeye anarudi kwao bila kazi. Magloire akamhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

"Weka mimi," akasema. "Mimi nakataa."

Basi kila Alhamisi viwavi vilikaangwa kwa mawese, kitunguu na pilipili, Ruphin akatia kimoja mdomoni na kutangaza utamu wake, watu wote wakala, na Magloire akakunja uso. Alijizoeza mbele ya kioo cha moto yake, ile pikipiki: pua inapanda, mdomo unapinda upande, jicho moja linajifumba. Mate yalimjaa, akayameza kwa siri. Ruphin akampiga picha, ikawa afishi: Magloire na uso wake, na chini neno KABLA. Afishi ya BAADA ingefuata siku atakapokubali. Ile ya kwanza ikabandikwa toka Kasongo mpaka Kabambare.

Na Kabambare ndiko alikokuwa mchumba wake, Arlette. Mahari yalikuwa yamepokelewa. Lilibaki jambo moja tu. Katika ukoo wa mama yake, mama Cécilia, binti hatoki nyumbani mpaka mukwe amalize chakula kilichopikwa kwa mkono wa mama mukwe. Akikiacha, mali inarudishwa na ndoa imekufa. Mama Cécilia akaiona ile afishi, akaitazama sana, kisha akaenda kununua viwavi.

Ismaël, mjomba wa Arlette, akampigia Magloire simu kumwonya. Magloire alicheka mpaka akaangusha pampu. Aogope viwavi, yeye? Msimu mzima hakuwa ameonja hata kimoja, kwa kuogopa kuonekana. Akapanda moto yake, na matope yote yale ya njia ya Kabambare akayapita akiimba.

Akaketishwa na Ismaël. Mama Cécilia, kwa heshima ya ukwe, hakukaa nao. Alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ulioachwa wazi kidogo. Sahani ikaja. Harufu ikamfikia Magloire, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Lakini uso ulikuwa umeshazoea kazi yake. Pua ikapanda. Mdomo ukapinda. Jicho likajifumba.

"Mukwe," Ismaël akasema polepole, "uko mugonjwa?"

"Hapana, mujomba. Iko tamu sana."

Akatia kimoja mdomoni, uso ukazidi. Akashika shavu kwa mkono. Mdomo ukapindia upande wa pili. Kadiri utamu ulivyomwingia ndivyo sura ilivyotisha, na machozi yakaanza kumtoka, ya raha na ya hofu pamoja, maana alijua nani anatazama. Hakuwa na njia ila kula. Akala, akala, akaipangusa sahani kwa tonge la mwisho.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Cécilia alikuwa analia pia.

"Kaka," akamwambia Ismaël, kwa kuwa mukwe hasemeshwi hivi hivi, "nimeona. Huyu mutu chakula kinamuchukiza mpaka kinamutoa machozi, na amekimaliza juu ya kumupenda mutoto wangu. Marehemu bwana yangu hata sombe yangu ya majani ya muhogo alikuwa anaichaguachagua. Umuambie amuchukue Arlette. Na umuambie, mimi nikiwa muzima, hakuna atakayemutesa tena."

Magloire akafungua mdomo aeleze. Arlette, aliyekuwa anakusanya sahani, akamwinamia sikioni. "Ukimuambia ulidanganya watu mpaka kwenye afishi, atauliza na mimi umenidanganya nini. Nyamaza."

Akanyamaza. Sasa wanaishi Kasongo, na anampenda mkewe, hilo halina ubishi. Ruphin alipokuja kupiga picha ya BAADA, mama mukwe alikuwepo. Alimfukuza na mchi wa kinu. Wauza viwavi wa sokoni amewaonya mmoja mmoja wasimuuzie Magloire, na amemwapisha Arlette asimpikie mumewe kiwavi kamwe. Kila msimu huja na kikapu kimejaa viwavi, nyumba nzima inakula, na yeye mwenyewe humkaangia mukwe mayai. Magloire huyapokea kwa mikono miwili, hushukuru, kisha huenda kuyala nje, upande ambao upepo hautoki jikoni.