Mbao ya Kijani Hailaliwi na Mtoto

Nilipofungua karakana yangu hapa Ruiru, watu walikuja kunitazama kana kwamba kuna lori limepinduka. Mwanamke, tena mwenye wajukuu, amejifunga kitambaa kichwani na kushika msumeno! Sikuwaonea haya. Nilikuwa nimewafanyia kazi mafundi wengine miaka mingi, nikipiga msasa makabati waliyoyauza kwa majina yao, na nilijua mikono yangu inaweza nini. Nilichokosa ni kazi moja kubwa ya kuonekana na watu, waache kuniletea viti vilivyovunjika miguu tu.

Kazi hiyo ikaja kutoka Thika. Kanisa moja kule lilikuwa linafungua chumba cha kulelea watoto wachanga, wale ambao mama zao huingia viwandani asubuhi na hawana wa kuwaachia. Walitaka vitanda vidogo vyenye fito pembeni, vya kujaza chumba kizima. Aliyenipigia simu alikuwa mwenyekiti wa kamati mwenyewe, mzee wa sauti ya amri, mkulima mwenye shamba lake Ngoliba. Mke wake alikuwa mteja wangu. Alifuga kuku wa kuuza, na kila alipoingiza vifaranga alikuja kwangu kununua maranda, yale maganda membamba yanayomwagika mbao ikipigwa randa, akawatandikie. Nadhani ndiye aliyenisemea kwa mumewe.

"Mama fundi," mzee akasema, "kazi ni yako. Lakini sikiza. Mbao iwe ile ya kijani, ile imepigwa dawa. Mchwa walikula benchi za Sunday school mpaka tukabaki na misumari. Siwezi rudia hiyo aibu."

Nikamweleza kwamba mbao ya kijani ni ya nje. Ni ya ua, ya zizi, ya posti inayokaa kwenye udongo na kunyeshewa. Ile rangi ni dawa iliyosukumwa ndani kwa mashine, na mara nyingi ina shaba na sumu ya aseniki. Mchwa anaijua, ndiyo maana anapita kando. Mtoto haijui.

"Ua yangu ya Ngoliba ni hiyo mbao," akasema. "Imekaa miaka na miaka, hakuna mchwa ameigusa. Na mimi niko hapa, sijakufa."

"Lakini mzee, wewe hulambi ua."

Kisha akasema kamati itakaa Jumamosi, na nije na kipande cha mbao ya kijani nikiwa nataka kazi. Kama sitaki, kuna fundi Juja yuko tayari. Akakata simu.

Nilikasirika mpaka nikaacha chai ikapoa. Hata hivyo sikuweza kumchukia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu mzee alikuwa ameumwa na mchwa mbele ya kanisa zima. Lakini kuikosa kazi ile nilijua ni kurudi kwenye viti vya miguu mibovu, pengine hadi uzeeni, na kuipata kwa masharti yake ni kulaza watoto wa watu kwenye sumu. Hakuna hata moja niliyokuwa tayari kuikubali. Nikaamua nitaichukua kazi, na mbao nitachagua mimi.

Kesho yake nikaenda Thika kwenye yadi za mbao. Muuzaji wa kwanza, jamaa mnene mwenye maneno matamu, alinikaribisha kama shangazi yake aliyepotea.

"Karibu mathe! Hii ni saiprasi safi, imekauka, imepigwa randa tayari. Ni ya kwenda tu na msumari."

Nikainua ubao. Ulikuwa mzito kuliko unavyopaswa kuwa ubao mkavu. Nikaunusa. Saiprasi ina harufu yake tamu, na huu ulinuka kama stoo ya dawa za shamba. Nikamwambia, "Nikatie ncha."

"Ya nini tena, mathe? Si unaona ni safi?"

"Nikatie ncha nione roho yake."

Akakata kwa shingo upande. Pale msumeno ulipopita, katikati palikuwa peupe, na pembeni pande zote pamezungukwa na utepe wa kijani. Kumbe ilikuwa mbao ya ua, ikapitishwa kwenye randa mpaka rangi ya juu ikafifia na uso ukang'aa. Haiya! Nilimfokea mpaka wapita njia wakasimama. Nikamwuliza kama kitanda cha mtoto wake angekitengeneza kwa hiyo. Akacheka cheko la aibu, akaniambia nichukue hicho kipande niende nacho, nisimharibie soko. Nikakitia mfukoni kwa furaha. Kamati si ilikuwa imetaka mfano wa mbao ya kijani?

Yadi niliyoipenda ilikuwa mtaa wa nyuma. Mwenyewe alikuwa na tanuri la kukaushia, na alinikatia ncha kabla sijafungua mdomo. Rangi ilikuwa moja toka pembeni hadi katikati, na harufu ilikuwa ya msitu. Joto la tanuri huua wadudu waliomo na haliachi kitu cha kulambwa, kwa hiyo hiyo ndiyo niliyochagua kwa fito na vitako, zile mbao za chini zinazobeba godoro. Kwa miguu nilichagua mbao iliyoloweshwa chumvi ya boroni. Hiyo ni dawa ya ndani ya nyumba, mahali pakavu, kwa kuwa mvua huiosha ikaisha. Nilipanga kuipaka vanishi tabaka juu ya tabaka.

Nyumbani nikatoka nje, nikafunga kitambaa puani, nikapiga randa ya mkono kile kipande cha kijani mpaka nikapata mfuko wa maranda. Mfuko wa pili nikaujaza maranda ya saiprasi safi.

Jumamosi kamati ilikaa kwenye ukumbi wa kanisa, ule ule wa Sunday school uliokuwa ugeuzwe chumba cha watoto. Mke wa mzee alikuwa mmoja wao. Mzee akafungua kwa maombi, kisha akaninyooshea kidole: "Fundi, mfano uko wapi?"

Nikamwaga mifuko yote miwili mezani, chungu mbili. Sikumtazama mzee hata kidogo. Nilimgeukia mkewe.

"Mama, vifaranga wanakuja lini?"

"Next week."

"Utawatandikia gani hapa?"

Akainama, akachukua maranda ya kijani kwa vidole viwili, akayanusa, akayaachilia kama aliyeshika kaa la moto. "Haiya! Hii si ni ya posti? Hapana. Vifaranga wanadonoa kila kitu. Hii itawamaliza."

"Na nikikupea bure?"

"Hata bure. Hata uniongeze pesa."

"Basi mama," nikasema, "hiyo ndiyo mzee anataka nilazie watoto. Na mtoto akiota meno anadonoa kuliko kifaranga."

Mama yule akamgeukia mumewe polepole, na sijui kama katika ndoa yao alikuwa amewahi kumtazama hivyo. "Sasa mzee," akasema, "kuku wangu waonewe huruma kuliko watoto wa watu?"

Mzee hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. "Na mchwa je? Mchwa nitawaambia nini?"

Nikamwonyesha sakafu. Pale ukutani, benchi za zamani zilipokuwa zimeegemezwa, palikuwa na ufa wa kuingia kidole, na udongo mwekundu ulikuwa umejipanga humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikamwambia, na hapa hata ukuta wenyewe unao. Mchwa wale walipanda kutoka chini. Tuzibe nyufa kwa saruji, kila mguu wa kitanda uvishwe kofia ya bati, na vitanda vikae mbali na ukuta. Dawa kali ya nini midomoni mwa watoto, na adui yuko kwenye sakafu?

Mzee akatazama ufa kwa muda mrefu. Kisha akakusanya maranda ya kijani kwa mfuko, akaufunga fundo, akautia chini ya kiti chake.

"Leta saruji kwanza," akaniambia. "Halafu vitanda. Kwa hiyo mbao yako."

Nilitoka nje ya ukumbi, nikahakikisha hakuna anayeniona, nikapiga ngemi, vile vigelegele vya kumpokea mtoto mchanga. Mlinzi wa lango akauliza nani amejifungua.

Siku ya kufungua chumba, vitanda vyangu vilijaa ukumbini, laini, vyeupe, vikinukia. Wageni waliwapigia makofi wachungaji, kisha wakanipigia mimi, na nilisimama nikayapokea yote bila kuinamisha kichwa. Mzee alikuja na mjukuu wake mkononi, akamketisha kwenye kitanda cha kwanza. Mtoto akashika fito kwa mikono miwili, akaiingiza mdomoni, akaanza kutafuna. Mama yake akanyoosha mkono amtoe.

Mzee akamzuia. "Mwache," akasema, "hiyo mbao naijua."