Mchanga Mweusi Kwenye Gurudumu la Daktari

Fundi Augustin hakujua kurudisha chombo cha mtu kikiwa kichafu. Ukimletea pikipiki akaze mnyororo tu, ataipeleka pale mto Lukuga unapotoka ziwani, aisugue kwa mchanga kama akina mama wanavyosugua masufuria, mpaka ujione uso. Kalemie yote ilimsifu kwa hilo, naye sifa alikuwa hazikatai.

Mwaka wa 1991 Daktari Édouard alirudi kutoka masomoni Ulaya na pikipiki ambayo mji haukuwahi kuiona. Breki zake hazikulifunga gurudumu moja kwa moja. Zililibana na kuliachia harakaharaka ili lisiteleze. Kwa mtu anayeshuka kilima cha hospitali mvua ikinyesha, hilo si jambo dogo. Isidore, fundi wa karakana ya hospitali, alibadilisha tairi la mbele. Augustin akaitwa kubadilisha mafuta ya injini. Akabadilisha, na bila kuombwa akaenda kuiosha.

Daktari alipoiwasha, taa nyekundu ya breki ikawaka, ikakataa kuzima hata pikipiki ilipotembea.

"Nani aligusa gurudumu?" akauliza.

"Njo Isidore, dokta," Augustin alijibu upesi. "Ule hajue hizi vyombo. Miye niligusa mafuta tu."

Maneno yalimtoka kama chafya. Isidore alikuwa amesimama palepale, akainamisha kichwa. Kesho yake aliambiwa asirudi tena karakana, na nyumbani ana mke na watoto.

Kazi ya kuitibu pikipiki akapewa Augustin. Alichaji betri, taa ikabaki inawaka. Alifuata nyaya kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma, hakuna uliokatika. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Mwishowe akafungua kapteri, kile kidude chenye sumaku kinachokaa karibu na duara la meno la gurudumu na kuhesabu mwendo wake. Ncha yake ilikuwa imeota ndevu. Ulikuwa mchanga mweusi wa ziwani, wenye chembe za chuma, umenasa kwenye sumaku.

Masikio yalimwaka moto. Alimwonea haya hata mlinzi wa lango, ambaye hakujua lolote. Akaifuta ncha kwa kitambaa, akairudisha mahali pake, akaendesha mpaka langoni. Taa ikazima.

Daktari akapiga makofi. Wauguzi wakatoka kutazama. "Papa Augustin, weye njo fundi!" wakamwambia, naye akatabasamu tabasamu la mtu anayeumwa jino. Hapa mimi simtetei. Mdomo alikuwa nao, na kitambaa chenye mchanga kilikuwa mkononi mwake.

Watu walikuwa hawajatawanyika Isidore, aliyesikia makofi akiwa barabarani, alipoingia. Augustin alidhani amekuja kugombana, na moyoni aliomba iwe hivyo.

"Papa Augustin," Isidore alisema, "nimesikia taa ilizima. Ninaomba munionyeshe fasi niliharibu. Nikipata kazi ingine, nisirudilie."

Augustin alikunjua kitambaa.

"Hakuna fasi uliharibu. Njo miye. Nilisugua gurudumu na muchanga ya ziwa, ikashika kwa kapteri. Niliiona mbele ya taa kuzima, nikanyamaza."

Sasa hakuna aliyepiga makofi. Daktari alitazama viatu vyake, maana naye alimfukuza mtu kwa neno la mtu mmoja. Kisha akamwambia Isidore arudi kazini.

Isidore hakufurahi wala hakufoka. Aligusa zile chembe kwa ncha ya kidole, akauliza kapteri inafunguliwaje. Augustin akamwonyesha. Isidore akasikiliza mpaka mwisho, akajifuta kidole kwenye suruali.

"Asante, Augustin," alisema, akaondoka.

Hakusema Papa. Augustin alikuwa na umri wa baba yake, na alilipokea jina lake tupu mbele ya watu wote bila kuinua macho.