Nukta Yenye Mkia

Juzi nilipeleka gauni kwa fundi cherehani pale sokoni Tengeru, nikamkuta anaitia mashine yake mafuta. Harufu ilinipata nikiwa bado mlangoni. Nilimwachia gauni bila hata kumwambia urefu ninaoutaka, nikaenda kukaa kwenye benchi la nje. Kuna watu ambao mafuta ya cherehani huwakumbusha mama zao. Mimi hunikumbusha baba, na karakana ya bunduki, na siku niliyosema uongo.

Tulikaa Kimandolu. Baba alikuwa fundi wa bunduki kwenye kampuni ya uwindaji, miaka ile kampuni za watu binafsi zilipochipuka Arusha kama uyoga. Kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa shirika la umma, na shirika lilipouzwa wenzake wengi walipunguzwa. Neno hilo, kupunguzwa, nyumbani kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Mama aliomba kila jioni baba asije akapunguzwa, na sisi watoto tuliitikia amina. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa viatu vipya vya shule.

Niwaeleze kitu kimoja. Nilipewa jina la bibi mzaa baba, Anaeli, na kwetu mtoto akibeba jina hubeba na heshima ya mwenye jina. Kwa hiyo baba aliniita mama. Mama, umekula? Mama, niletee maji. Bibi mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa, na walisema hakuwahi kusema uongo, hata ule wa kumnyamazishia mtoto anayelia. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nimelivaa jina hilo kama kanga ya mtu mzima, likiburuzika chini.

Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa ninampelekea baba chakula cha mchana. Siku hiyo nilibeba loshoro, mahindi na maziwa mgando, kwenye hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa. Karakanani alikuwepo rafiki yake Elifuraha, mfuata nyayo za wanyama wa kampuni, mtu wa Maji ya Chai, mrefu, mwenye mapengo na mdomo usiotulia. Huyu ndiye mtu mzima pekee duniani aliyeniamkia mimi. "Shikamoo mama," alisema akiinama, nami nikaitikia marahaba kwa madaha, wakacheka.

Mezani palikuwa na bunduki iliyofungwa darubini fupi ya aina mpya. Haikukuza kitu. Ukichungulia, uliona nukta nyekundu inawaka katikati ya kioo. Unaiweka nukta juu ya mnyama na kufyatua, basi. Keshokutwa yake mgeni alikuwa anakuja kuwinda mbogo, na bosi alitaka bunduki hiyo iwe tayari. Baba alikuwa amehangaika nayo tangu asubuhi. Alifuta vioo kwa flana. Alibadilisha betri. Alipunguza mwanga hadi nukta ikakaribia kuzima. Akamlalamikia Elifuraha kwamba nukta hii si nukta, ina mkia, umening'inia chini upande wa kushoto kama wa kiluwiluwi. Elifuraha akasema asiulizwe yeye, kazi yake ni kuangalia chini.

Kisha baba akaifungua ile darubini kutoka kwenye bunduki. Akaielekeza kwenye ukuta mweupe, jicho la kulia kwenye kioo, akawa anaizungusha polepole kwa vidole, mzunguko mzima, kama mtu anayefunga kifuniko. Nilidhani anacheza. Alipomaliza aliishusha mezani, loshoro hata asiitazame.

"Mama," akaniita, "njoo uniangalizie."

Nilichungulia. Jamani, ilikuwa duara safi kama punje ya ulezi. Hapakuwa na mkia wala dalili ya mkia. Lakini nilikuwa nimemsikia baba akisema upo, na mtoto wa kwetu hamkosoi baba yake mbele ya rafiki yake. Na nilikumbuka lile neno la kupunguzwa. Fundi asiyeona ni fundi wa nini?

"Ina mkia, baba."

"Umeelekea wapi?"

"Chini. Kushoto."

"Angalia vizuri, mama."

"Ninauona, baba."

Akashusha pumzi. Akamwambia Elifuraha kwamba basi ndivyo ilivyotengenezwa, ataipima bunduki na kuirekebisha shabaha kwa kufuata katikati ya hilo umbo lote, mkia ukiwemo. Akafanya hivyo. Elifuraha alipoondoka aliniamkia tena, shikamoo mama, na mimi nikainamisha kichwa, sikuitikia.

Mgeni alijaribu risasi mbili kwenye boksi la karibu, na kwa karibu kosa la shabaha iliyofuata mkia usiokuwepo halionekani. Mbogo alikuwa mbali. Risasi ilimpata tumboni akaingia kichakani. Mbogo aliyejeruhiwa haachwi, na anayetangulia kuingia ni mfuata nyayo. Walimleta Elifuraha Maji ya Chai amefungwa kwenye turubai la hema. Tulimzika kwenye migomba yake, na baba alichimba kaburi tangu jembe la kwanza hadi la mwisho, hakukubali kupokewa. Kampuni ilisema mgeni hakujua kulenga. Baba hakupunguzwa.

Tangu mazishi yale hakuniita mama tena. Nilikuwa Anaeli tu, mpaka alipofariki. Niliamini amegundua uongo wangu na amenikasirikia, na nililia sana kwa hilo, miaka mingi.

Mwaka jana taa za barabarani zilianza kuniotea mikia. Daktari wa macho akaniambia nilaze kichwa begani nikiwa ninaangalia taa. Mkia ukalala pamoja na kichwa. Akasema basi kasoro ni ya jicho, kioo chake hakikukaa mviringo sawasawa. Ingekuwa ya taa, ungeigeuza taa nao mkia ungegeuka nayo.

Nilimwomba arudie. Nikauona mkono wa baba ukiizungusha darubini, na mkia ukabaki palepale, chini, kushoto. Alishajua kasoro ni ya jicho lake. Alijua kabla hajaniita. Alimtaka mtu wa kumwambia sivyo, akamwita mama yake, na mimi nikaja.

Nimejaribu kumsamehe na siku nyingine ninaweza. Lakini Elifuraha alikuwa na binti wa rika langu. Shule zilipofunguliwa mimi nilikwenda na viatu vipya, na yeye hakurudi darasani.