Vikaratasi vya Sanduku la Mjomba

Juzi mjukuu wangu karudi kutoka shule na kazi ya sanaa, akaniomba mshumaa. Nikamwuliza umeme umekatika wapi, akacheka. Kumbe mwalimu wao amewaagiza watengeneze lebo ya zawadi: unachora kwa mshumaa juu ya karatasi nyeupe, huoni kitu, kisha unapaka wino juu yake, na pale ulipopita mshumaa wino unakataa kushika. Akanieleza yote hayo taratibu, kwa upole wa mtoto anayemfundisha mzee jambo geni. Nilimsikiliza nusu, kisha nikamkatiza kwa ukali ambao hata mimi sikuutarajia. Nikamwambia humu ndani hakuna mshumaa. Ulikuwepo, kwenye droo ya kabati, na yeye alijua ulipo.

Basi nimekaa na hasira hiyo siku ya pili sasa, na mtoto wa watu hana kosa. Ngoja nikusimulie ilikotoka, rafiki yangu, maana nimechoka nayo.

Kwetu ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, Temeke ya mikorosho na njia za mchanga, ambapo ukipita nyumba chache tu unaingia kwenye mashamba ya mihogo. Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika nyumba ya makuti yenye vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Asubuhi niliamshwa na kelele za madebe pale bombani, wanawake wakigombea zamu. Kabla ya shule nilikuwa nimeshafagia ua, nimeshateka maji safari mbili, na nimeshakula muhogo wa kuchemsha kwa chai ya mchaichai. Wauza mkaa walipita na baiskeli wakitoka Chanika, na bibi hakuwahi kuwasimamisha kwa ajili ya kazi yake. Kwa kazi yake alitaka makaa ya vifuu vya nazi tu, tena vifuu alivyovichagua mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kufukiza. Siku hizi watu wanachoma udi wa kopo wanafungua dirisha, wanaita kufukiza. Bibi alikuwa na chetezo cha udongo na tenga kubwa la fito. Alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyizia udi wake, akalifudikiza tenga juu, halafu akatandaza nguo juu ya tenga na kuzifunika kwa shuka zito ili moshi usitoke. Nguo zikakaa humo hata saa nzima. Alizigeuza, akazinusa, akasema, "Bado hazijaiva," kama anaonja wali. Walimfuata kutoka Kinondoni mpaka Mbagala, kila palipo na harusi. Udi aliuchanganya mwenyewe kwenye sufuria ndogo: vipande vya udi, sukari, sandali, maji ya waridi, na kitu kimoja cha mwisho ambacho alikitia akiwa amenipa mgongo. Nilikuwa nazunguka upande wa pili nione, naye anazunguka nami. Tukazunguka sufuria hivyo mpaka anacheka. "Ukishavunja ungo nitakuonyesha," alikuwa akiniambia. "Sasa hivi utakwenda kuuuza bombani."

Mwaka huo mjomba, mwanawe wa mwisho, alichumbia binti wa Mtoni. Kwetu upande wa mume ndio unaopeleka sanduku: doti za kanga, mafuta, marashi, viatu, vyote hivyo, na siku ya kulipeleka linafunguliwa mbele ya wanawake wote, kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu kionekane. Bibi alikuwa na doti kumi na mbili. Alizipanga kitandani, akazipangua, akazipanga tena. Ilikuwa harusi ya mwisho kwa wanawe, na alitaka watu wa Mtoni waisikie harufu kabla hawajaliona sanduku.

Na mimi nilitaka changu kiwemo.

Shuleni mwalimu wetu wa kazi za mikono, mama mmoja mtu wa bara, alikuwa ametufundisha jambo hilo hilo la mshumaa na wino. Alituletea vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani kwake. Siku ile ya kwanza alipaka wino wa buluu juu ya karatasi tupu, na ua jeupe likatokea katikati, darasa zima tukapiga kelele. Nikakata shauri palepale: kila doti ya sanduku la mjomba itafungwa kikaratasi cha namna hiyo, chenye ua la asumini na neno "Karibu".

Usidhani ilikuwa rahisi. Karatasi ya daftari ilikunywa wino ikajikunja. Nikaenda duka la Mhindi kuomba maboksi ya mashati, nikafukuzwa, nikarudi, nikapewa mawili ili niondoke. Mshumaa nao, ukiuchonga ncha unavunjika, usipouchonga herufi zinanenepa mpaka hazisomeki. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba unaandika usichokiona. Unainamisha karatasi kwenye mwanga utafute mng'ao mdogo ujue uliishia wapi, jasho linakudondoka juu yake, unaanza upya. Wino ukiwa mzito unafunika kila kitu. Ukizidisha maji unakuwa rangi ya maji ya kufulia. Nililia kwa hasira chini ya upenu wa jiko, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Mwisho nikagundua dawa yake: kupaka mshumaa mara tatu, nene, bila huruma, mpaka ukipitisha kidole unausikia umetuna. Hapo wino ulikataa kabisa, na ua likatoka jeupe pe. Nikatengeneza kumi na mbili, nikavitoboa kwa msumari na kuvitia uzi mwekundu.

Jirani yetu alikuwa na binti wa rika langu, niliyekuwa nikishindana naye kwa kila kitu, kuanzia kuruka kamba mpaka nani amesukwa vizuri. Aliviona vimeanikwa, akasimama. "We, hii nyeupe umepaka nini? Chokaa?" Nikamwambia ni dawa ya shule na hawezi kuijua. Alinibembeleza siku tatu, akanihonga kashata. Kashata nilikula, siri sikuitoa. Ndipo bibi naye akauliza, akigeuza kikaratasi karibu na macho yake. "Mke mwenzangu, hebu niambie, umefanyaje?"

"Siri, bibi," nikasema. "Kwani wewe unaniambia unachotia kwenye udi?"

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Haya, tumelipana, mtoto wa watu."

Tulivifunga pamoja siku ya kuamkia safari, kila doti na chake. Nguo zilikuwa zimeshafukizwa tangu juma lile, nami nilijua kazi ya moto imekwisha. Sikujua kwamba kwa harusi ya mwanawe bibi atafukiza mara ya pili, sanduku likikaribia kuondoka, ili moshi uwe mbichi. Kesho yake mchana alinituma kuchukua sinia kwa shangazi, nikakaa huko nikila mkate wa kumimina. Niliporudi nilisikia harufu ya udi tangu njiani, nzuri, nene, na chini yake kuna harufu nyingine. Naijua mpaka leo. Ilikuwa harufu ya darasa letu.

Nilimkuta bibi amepiga magoti uani, shuka amelitupa kando, doti moja iko mikononi. Ule mshumaa wangu niliopaka mara tatu ulikuwa umeyeyuka wote na kuingia kwenye kanga. Kila doti ilikuwa na doa la mafuta, kubwa kama kiganja, limepenya mikunjo mpaka upande wa pili. Vikaratasi vilikuwa vimelegea, vinang'aa, maua yamekufa. Bibi alikuwa ananusa udi wake kwenye sufuria. Ananusa, anachovya kidole, anakisugua, ananusa tena.

"Umetema mafuta," alisema. Hakuwa anasema nami. "Udi wangu umetema mafuta. Sijui nimezidisha nini."

Nilisimama mlangoni na sinia kichwani. Neno lilikuwa moja tu: mshumaa. Lakini binti wa jirani alikuwa amekaa pale kwenye kinu, pamoja na mama yake, wote wawili wananitazama. Nikaona jinsi atakavyocheka. Nikaona dawa yangu ya shule inageuka kuwa kipande cha mshumaa, tena kilichoharibu sanduku la watu. Nikashusha sinia, nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyenituma.

Wakajaribu maji ya moto, doa likatanuka. Wakati ukawa umefika na sanduku haliwezi kungoja, wanawake wameshavaa, ngoma iko njiani. Tulikwenda Mtoni kwa miguu, tukiimba, vigelegele kila kona, na bibi mbele amenyooka. Huko likafunguliwa. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi ndiye aliyekuwa akiinua vitu. Doti ya kwanza aliinua, akaitazama, akaishusha haraka. Ya pili hivyo hivyo. Vigelegele vikapungua. Kwenye ya tatu akaigeuza upande wa doa, akasema kwa sauti ya kutaniana, ile inayochoma zaidi ya matusi, "Jamani, hizi zimefukizwa au zimekaangiwa maandazi?"

Wakacheka, wengine kwa kuficha mdomo. Bibi akasimama. Alikuwa mfupi, ila siku hiyo alionekana mfupi zaidi. "Msinilaumie mwanangu," alisema. "Kosa ni la mkono wangu. Mkono umezeeka." Akakaa. Nilikuwa nimekaa mbavuni kwake, goti langu linagusa lake, na mdomo wangu sikuufungua.

Ndoa ilifungwa, harusi ikaisha vizuri tu, na mke wa mjomba alizivaa zile kanga bila kinyongo mpaka zikachakaa. Madoa hayakutoka.

Siku chache baadaye tulikuwa tunachambua mchele, mimi na bibi, ungo katikati yetu. Nilijiambia leo nasema. Nikaanza, "Bibi, vile vikaratasi..." na kabla sijafika mbali akaweka mkono wake juu ya wangu, mkono wenye unga wa mchele.

"Vilikuwa vizuri," alisema. "Umevihangaikia juma zima, mie nimekuja kukuharibia. Nisamehe, mke mwenzangu."

Na mimi nikasema, "Haidhuru, bibi."

Nilisema hivyo. Msichana wa miaka kumi na moja, ametulia, anampa bibi yake msamaha.

Walikuja watu wa Kinondoni na mchele na kuku kumwomba afukize harusi ya binti yao. Akawaambia wamtafute mwingine. Walikuja wa Mbagala, vilevile. Tenga aliligeuza, vifaranga wakalala ndani yake. Nilipovunja ungo nilikwenda kukaa karibu naye nikamkumbusha ahadi, akatikisa kichwa. "Nikufundishe nini, nikufundishe kuharibu?" Nilikasirika, ukiweza kuamini. Nilimkasirikia yeye. Nikaondoka nimenuna, kama vile nimedhulumiwa. Na nilipoolewa mimi, nguo zangu zilifukizwa na mwanamke wa kukodi, na bibi alikuwa amekaa barazani anatazama njia. Nilinusa nguo zile nikazirudisha sandukuni. Hata hapo ningeweza kusema. Alikuwa hatua nne kutoka nilipo. Nikajiambia mambo ya zamani, ya nini kumkumbusha mzee aibu. Alifariki kabla sijapata mtoto wa kwanza.

Temeke ile huitambui sasa. Mikorosho imekwisha, bomba limekwisha, nyumba ya bibi ni ghala la saruji. Hayo yote nimeyazoea, mji ni mji. Nisichokizoea ni sufuria. Nimechanganya udi, sukari, sandali, maji ya waridi, mara ngapi sijui. Nimeongeza ambari, nimeongeza miski, nimeongeza karafuu, nimeongeza na upuuzi wa madukani. Haitoki. Kinakosekana kile kimoja, cha mgongoni, na hakuna mtu duniani wa kumwuliza. Mimi nilificha kipande cha mshumaa, na kwa ajili ya kipande hicho yeye akaondoka na chake.

Leo asubuhi nimefungua droo, nimempa mjukuu mshumaa. Amechora mpaka meza nzima imechafuka buluu, nami nimevumilia. Ua lake limetoka zuri. Ananiambia marafiki zake wa mtaani hawajui linavyofanywa, na yeye hatawaambia ng'o.

"Waambie," nikasema.

"Sitaki, bibi! Ni siri yangu."

"Waambie leo. Kabla hujala."

Amenuna, ameona bibi yake kazeeka vibaya. Akachukua kikaratasi chake akaenda nje, na mlangoni akageuka, kwa kuwa mama yake amemlea vizuri, akasema, "Nisamehe bibi, sikujua kama nitakuudhi."

Nilisikia jibu linakuja lenyewe, lile lile, limekaa tayari mdomoni miaka yote hii. Nikalimeza. Nikamwita arudi, nikamkalisha, nikamwambia kosa halikuwa lake, na nikaanza kumsimulia habari za sanduku la mjomba.

Kwa bibi nilisema haidhuru. Ilidhuru.