Nusu ya Firigisi

Kwetu mwanamke hakula kuku. Alimfuga, akamlisha mtama, akamkimbiza uani, akamnyonyoa, akampika, kisha akarudi jikoni kula ugali kwa mboga ya mrenda huku wanaume wakilamba vidole. Firigisi ndiyo iliyokuwa na heshima kuliko nyama yote. Ilitengwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, na mke aliyethubutu kuigusa angeweza kurudishwa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mimi nilikuwa mwalimu wa kike, bado kijana, katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Busia. Chuoni nilikuwa nimekula kuku mpaka nikamzoea, lakini nikifika nyumbani nilikula mrenda pamoja na mama na kujisifu kwamba nina adabu.

Jirani yangu pale shuleni alikuwa mwalimu mzungu, msichana wa rika langu, aliyekuja kujitolea kwa miaka miwili. Alivaa suruali, akaendesha pikipiki hadi Malaba na Amagoro, na jioni aliniazima vitabu vya kwao vilivyosema mwanamke si mali ya mtu. Tulibishana sana. Nilimwambia vitabu vyake havijui habari ya kuni na maji, naye akanijibu kwamba kuni na maji ndiyo habari yenyewe. Nilimpenda, na zaidi nilipenda kuonekana naye. Tukiingia dukani mimi na yeye, mwenye duka alituhudumia kwanza, hata kama foleni ya akina mama ilifika barabarani. Yeye aliona haya. Mimi nilipokea unga wangu nikatoka.

Likizo moja akataka kuona kwetu. Baba, mnyapara mstaafu wa reli, alifurahi mno, akaamuru jogoo achinjwe. Aliyepika ni wifi yangu, mke wa kaka. Kaka alifanya kazi ya kupitisha malori ya mizigo mpakani Malaba, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi tu, tena akiwa na haraka. Wifi ndiye aliyeachiwa wazazi wetu, shamba, na binti yao wa miaka minne. Alikuwa amefika darasa la saba, na Kiingereza alikijua kuliko alivyokionyesha.

Viti viliwekwa chini ya ukingo wa paa: cha baba, cha baba mdogo, cha mgeni, na changu, kwa kuwa mkalimani hawezi kusimama. Baba akasukuma sahani ya firigisi mbele ya mgeni. Baba mdogo akakohoa.

"Sasa unashangaa nini?" baba akamwambia. "Huyu si mwanamke, ni mzungu."

Tukacheka wote, mimi nikiwa wa kwanza. Mgeni naye alitabasamu bila kujua anachekewa nini, kisha akaikata firigisi vipande viwili, kimoja akaniwekea mimi. Nikamtazama baba. Baba akafikiri kidogo, akasema mwalimu naye ale, amesoma. Nikala mbele ya mama yangu aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Sitadanganya: ilikuwa tamu, na nilijiona mkubwa.

Ndipo mgeni akasema, kwa Kiingereza, kwamba waliopika nao waje waketi tule pamoja. Alisema kwa sauti ya kusikika, akawaonyesha kwa mkono. Wifi alikuwa karibu tu, ameshika birika la kunawia. Baba akaniuliza mgeni anasema nini.

"Anasifu mapishi," nikamnong'oneza sikioni.

Baba akacheka kwa furaha. Mgeni alipomwona anacheka, akadhani amekubaliwa, akaendelea kula huku akitazama jikoni mara kwa mara.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba nilikuwa namwepushia baba aibu. Kwamba mambo ya desturi huenda polepole. Uongo mtupu. Kiti kile kilikuwa kizuri, na sikutaka kila mtu akikalie. Mzungu alikipata kwa rangi yake. Mimi nilikipata kwa shule, na kwa kutembea kando ya rangi hiyo. Mama na wifi wangeketi pia, mimi ningebaki kuwa nani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, na aliyepona ni mimi peke yangu.

Mkataba wa rafiki yangu ulikwisha, akarudi kwao. Haukupita muda mrefu nikaletewa habari shuleni kwamba baba ananiita. Wifi alikuwa amempikia kuku, na sahanini baba alikuta nusu ya firigisi. Alipouliza nusu ya pili iko wapi, wifi akapiga magoti na kusema ameila.

Nilikuta wazee wa ukoo wameketi. Baba hakuwa mtu mkatili, na alimpenda wifi kwa uchapakazi wake. Niliona wazi kwamba anatafuta njia ya kumwokoa. Wifi akaambiwa ajieleze. Akasema hakuiba. Mgeni wa nyumba hii aliwaita yeye na mama waje wale, na mzee aliposikia alicheka, kwa hiyo yeye alijua ruhusa imetoka. Ameikata kama mgeni alivyoikata, na kipande kikubwa amemwachia mzee.

Baba akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa mdomo wa mgeni. Kama kweli aliwaita, huyu kosa lake ni kumtii mgeni wetu. Atoe kuku mmoja, yaishe. Aliwaita?"

Wifi alinitazama bila wasiwasi wowote. Bintiye alikuwa amemwegemea mgongoni, anacheza na fundo la kitambaa chake. Nilijua kinachosubiri jibu langu. Nilijua pia kwamba nikisema ndiyo, baba ataniuliza kwa nini siku ile nilimwambia mengine, mbele ya wazee wale wale walioanza kuniita mwalimu.

"Hakusema hivyo, Baba," nikajibu.

Wifi hakubisha. Angebisha vipi, mtu wa darasa la saba dhidi ya mwalimu? Aliinamisha kichwa tu, na nadhani aibu aliyoiona pale ilikuwa yangu kuliko yake. Kaka alikuja kutoka Malaba, akakubali yote upesi sana. Baadaye ndipo tulipojua alikuwa na mwanamke mwingine kule. Ikaamuliwa wifi arudi kwao Budalang'i na mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Msimu huo mto Nzoia ulikuwa umefurika na watu wa kwao walikuwa wamehamia juu ya tuta. Asubuhi alimwogesha binti yake, akampaka mafuta, akamkabidhi kwa mama, akaondoka na sanduku lake kichwani.

Rafiki yangu wa ng'ambo sikumwandikia neno. Angelia, angekasirika, pengine angepanda ndege aje amkabili baba uso kwa uso. Na baba angemchinjia kuku.

Mtoto nilimchukua mimi. Nilimlisha, nikamvisha, nikamsomesha, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Alipouliza habari za mama yake, mama yangu alimjibu kwamba alikwenda zake. Nami nilikuwepo, sikumsahihisha. Jibu hilo likazoeleka nyumbani mwetu.

Wanaouliza kama mambo ya haki za wanawake bado yanahitajika huwa ni watu waliokwisha kuketi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini mwishoni mwa muongo ule swali hilo lililetwa ukumbini kwangu, shule ile ile, mimi sasa nikiwa mwalimu mkuu. Ulikuwa mjadala wa wanafunzi, na mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha kwanza, alipewa upande wa kupinga. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti.

Alisimama wima, hana karatasi. "Mwalimu mkuu wetu ni shangazi yangu," akasema. "Amezaliwa boma moja na mimi, na leo yuko pale mbele. Nani alimpigania? Alijitahidi mwenyewe. Mama yangu mzazi naye alikuwa katika boma hilo hilo. Alikuwa na mume, alikuwa na mimi. Akatuacha, akaenda zake. Mwanamke anayetaka, hufika. Asiyetaka, hata mkimpigania mtajichosha bure."

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Walimu wenzangu walinigeukia wakitabasamu, kwa kuwa nimesifiwa na mtoto niliyemlea. Upande wa pili msichana mmoja mdogo kutoka Chakol alikuwa amesimama, mkono juu, anataka kumjibu. Alisema ana swali moja tu: je, huyo mama aliulizwa anataka nini?

Nikatazama saa ya ukutani. Nikamwambia aketi, muda umekwisha.