Mume wangu kateuliwa kufundisha ufundi ambao hata nusu haujui

Admin, nifichie jina, maana Bukoba watu wa gereji tunajuana. Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Izigo, nimesomea umeme wa magari chuoni. Mume wangu hakusomea chochote. Lakini kwa watu fundi ni yeye, mimi ni mama wa chai.

Mwezi uliopita Padre mmoja alileta gari gerejini kwetu kutoka Muleba. Feni ya AC ilipuliza kwenye kasi namba nne tu. Moja, mbili na tatu kimya. Bwana mkubwa akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akafumba macho, akatamka, "Gesi imekwisha, Padre." Jamani, gesi inaleta ubaridi, upepo unaletwa na feni.

Alipokwenda kula nikafungua chini ya dashibodi. Rezista, kile kidude kinachopunguza kasi ya feni, kilikuwa kimeungua. Feni yenyewe imejaa senene waliokauka, mabawa na miguu. Nilipompelekea Padre chai na kumuuliza kama hupakia senene, akakiri kwamba msimu uliopita alipakia mfuko wa senene hai ukamfungukia njiani. Basi feni inazunguka kwa shida, inavuta umeme mwingi, rezista inaungua. Mume wangu aliporudi nikamwita pembeni, nikamwambia, "Safisha feni kwanza, ndipo ubadilishe rezista."

Yeye akabadilisha rezista tu, feni hakuigusa, kisha akajipiga kifua, "Padre, hili nimeligundua kwa kusikiliza tu." Padre akafurahi. Akasema chuo cha ufundi cha parokia kinatafuta mwalimu wa umeme wa magari, wa kufundisha wasichana. Hiyo ndiyo kazi niliyoitamani tangu nimalize masomo. Nikafungua mdomo niseme, mume wangu akanikata, "Huyu hata betri anaogopa kuishika." Wakacheka wote. Siku hiyo heshima yangu kwake ilikwisha.

Anaanza Jumatatu. Ameniomba nimwandikie masomo, eti nina mwandiko mzuri.

Jana Padre kapiga simu: namba moja hadi tatu zimekufa tena. Kasema gari hilo hilo ndilo litakuwa somo la kwanza, wasichana waone mwalimu wao anavyotafuta ubovu. Tangu jana mume wangu ananifuata kila ninapokwenda. Anataka nijifiche nje ya karakana nimnong'oneze kwa simu.

Nikisema ukweli, ndoa itayumba. Nikinyamaza, kazi yangu imekwenda. Daftari nimemaliza kuliandika, na ukurasa wa kwanza ni wa feni na senene. Nishaurini ndugu zangu, nimpe aende nalo, au Jumatatu niingie nalo darasani mwenyewe?