Kitenzi Kimoja kwa Siku

Mke wangu alipokwisha kufariki, na watoto wako Bujumbura na Lubumbashi kila mmoja na mambo yake, nyumba yetu ya mtaa wa Songo, hapa Uvira, ilinishinda. Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kiingereza. Mtu wa kuongea naye alikuwa redio, na hiyo nayo nilikuwa naigombeza.

Ndipo akaja dada mmoja Mchina. Kaka yake anauza betri na paneli za sola mjini. Yeye kwao alisomea uuguzi. Kiswahili alikiokota kwa wateja wa duka, cha hapa hapa Uvira. Hospitali moja huko Zambia ilikuwa imekubali kumhoji kwa simu, kwa Kiingereza. Akipita, anaenda. Aliniomba nimfundishe vitenzi vya kazi yake: kupima, kudunga sindano, kuosha kidonda, kushona, kupasua.

"Papa Mwalimu, iko vingapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

Orodha nilikuwa nimeshaiandika, ukurasa mmoja tu. Kwa kichwa chake wiki mbili zingetosha kabisa. Nikamwambia iko vingi sana, tutaenda polepole.

Nikawa nampa kitenzi kimoja kwa siku. Sijitetei. Alikiandika kwenye kaye, daftari lake la shule, akaweka alama za kwao pembeni, tukakigeuza huku na huku, halafu chai na muhogo wa kuchemsha. Alinitania kwa sukari: "Weye muzee, vijiko vine ya nini?" Siku ya kupima mapigo ya moyo alinishika mkono, akahesabu kwa Kiingereza midomo ikicheza. Hakuna aliyekuwa amenishika mkono hivyo tangu kilio cha kumzika mke wangu. Ikawa kila saa tisa nimeshafagia baraza na kuvaa shati la pasi.

Akiomba orodha nzima, nilijitia kiziwi. Kitenzi cha kumruhusu mgonjwa aliyepona arudi kwake kilikuwa mstari wa tatu. Nilikiruka makusudi, nikakiruka tena. Sikutaka hata kukitamka mbele yake.

Watu wa Zambia wakapiga simu kabla ya siku waliyosema. Kesho yake alikuja, akakaa, kaye imefungwa mapajani.

"Waliniuliza kazi ya siku muzima, toka mugonjwa anaingia mpaka anaenda kwake. Nilifika katikati, maneno ikaniishia. Walisema Kingereza yangu iko nusu, nijaribu mwaka ingine." Akainama. "Ni kosa yangu. Miye niko na kichwa nguvu. Weye ulijichokesha bure."

Mwaka mwingine mzima wa chai ulikuwa mbele yangu. Nilichokuwa nakitamani kimya kimya nilikuwa nimekipata, na nilishindwa kumtazama usoni.

Niliingia ndani, nikaleta ile karatasi ya orodha, nikaiweka mbele yake. Alisoma taratibu mpaka chini, akarudi juu, kidole kikasimama kwenye mstari wa tatu. Wino ulikuwa umeshaanza kupauka.

"Ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapo. Vyote vilikuwa hapo."

Alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba. Alimaliza chai yake, akasuuza kikombe kama siku zote, akakifunika kwenye sinia.

Kesho yake nilifagia baraza. Saa tisa ilifika, ikapita. Maji nilikuwa nimechemsha ya watu wawili.